Kopo Lisilo na Ombi

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo sana, nalo ni biskuti. Hatusemi zile za dukani zilizofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Twasema zile ambazo mama huzikanda kwa mikono yake, akazioka jikoni kwake, akazipanga katika kopo na kumpelekea rafiki aliye ng'ambo ya bahari.

Labda mtu atasema, je, hawa wamekosa la kusema hata waanze na biskuti? Tuvumilie kidogo, ndugu msikilizaji. Huenda ukazima redio leo ukiwa na jina la mtu moyoni.

Huko Australia na New Zealand iko biskuti moja ambayo watoto huijua tangu wadogo. Huitwa biskuti ya Anzac. Jina hilo limetokana na herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la jeshi la nchi hizo mbili, lililoshuka pwani ya Gallipoli, katika nchi ya Uturuki, tarehe 25 Aprili 1915. Mambo hayakuwaendea vema. Kufikia Januari 1916, majeshi yote yalipokuwa yameondolewa pale, Waaustralia zaidi ya 8,000 walikuwa wamekufa, na watu wa New Zealand zaidi ya 2,700. Kwa nchi zenye watu wachache kama zile, palikuwa na vijiji ambavyo kila nyumba ilimjua mtu asiyerudi.

Mama, wake na dada waliobaki walitaka kupeleka kitu. Lakini hebu fikirini njia yenyewe. Meli zilichukua majuma mengi baharini, zikipita katika joto la ikweta, wala hapakuwa na mahali pa baridi pa kuweka vifurushi vya watu wadogo. Keki yenye mayai ingefika imeota ukungu. Basi wanawake wale walioka kwa oti, unga wa ngano, sukari, siagi, soda ya kuokea, maji ya moto, na ile shira nzito yenye rangi ya dhahabu. Shira ndiyo iliyoshikanisha unga mahali pa yai. Biskuti ya namna hiyo hukauka vizuri na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Nazi iliyokunwa iliongezwa baadaye, vita vilipokwisha.

Tazameni basi hekima iliyomo humo. Mama yule hakujiuliza ni kitu gani kitamu kikiliwa leo mezani pake. Alijiuliza ni kitu gani kitakachokuwa kitamu bado baada ya miezi miwili, mbali, mikononi mwa mtu mwingine. Alipika akiwa na safari kichwani.

Hapa yafaa tuseme kweli yote. Wanahistoria hutuambia kwamba nyingi katika biskuti zile za oti hazikuvuka bahari kamwe. Ziliuzwa katika sherehe na mikutano ya kuchangisha fedha kwa ajili ya askari. Alichokula askari kule Gallipoli siku kwa siku kilikuwa biskuti nyingine, ile ya jeshi, ngumu kama kigae. Wengine waliisaga wakaipika uji, maana meno yalishindwa. Na wengine walifanya jambo ambalo sisi twalipenda sana: waliandika maneno juu ya biskuti hizo ngumu, wakazipeleka nyumbani kana kwamba ni kadi za posta. Baadhi yake zimehifadhiwa katika makumbusho hata leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, na maandishi yasomeka. Nyumbani walipeleka biskuti laini, na askari naye akarudisha ngumu, iliyoandikwa. Wala ile ngumu haikuwa na thamani ndogo kuliko ile laini.

Tuseme pia, kwa kupita tu, kwamba tangu mwaka 1921 jina hilo la Anzac hulindwa kwa sheria huko Australia. Mwoka mikate akitaka kuuza biskuti kwa jina hilo, sharti afuate namna ile ya zamani, wala asiziite kwa lile neno ambalo Wamarekani hulitumia kwa biskuti. Kwetu sisi Waswahili neno ni moja tu, kwa hiyo ugomvi huo hautuhusu.

Vita hivyo hivyo vilifika kwetu. Wazee wetu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, katika kile kikosi ambacho jina lake la Kiingereza tumeligeuza kuwa Kariokor hapa Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Chakula chenyewe kilikuwa mojawapo ya sababu, kwa maana unga wa mahindi uliopikwa upesi bila kuiva uliharibu matumbo ya watu. Mama zao hawakuwapelekea kopo lolote. Wangelipeleka wapi? Ni nani aliyewaambia kama mtoto yuko Taveta au yuko Rufiji? Wengi hawakupata habari yoyote mpaka walipofahamu wenyewe, kwa urefu wa kungoja, kwamba hakuna atakayerudi. Mwenye anwani ya mtu wake leo, hata kama ni anwani ya mbali namna gani, ana kitu ambacho nyanya zetu hawakuwa nacho.

Sasa tuje siku zetu. Wakenya walio ng'ambo ni wengi, na katika kila ushirika wamo watu wao. Mmoja yuko Marekani akiendesha lori, mwingine yuko Uingereza akiuguza wagonjwa, mwingine yuko nchi za Ghuba katika nyumba ya watu. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu kwamba katika mwaka 2024 watu hao walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 za Marekani. Hizo ni karo, ni mabati, ni dawa, ni mbuzi na ng'ombe, ni mashamba. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao.

Fedha zatoka huko zaja huku. Na kutoka huku kwaenda nini? Mara nyingi kwaenda simu tu. Nayo simu huanza kwa salamu, ikauliza habari za baridi, kisha pakawa na kimya kidogo, na yule aliye ng'ambo akajua kwamba sasa jambo lenyewe laja. Mtoto amefukuzwa shule. Kuna harambee ya mazishi. Paa limeng'olewa na upepo. Hatuwalaumu wenye shida, maana shida ni za kweli, na ndugu asipomwambia ndugu yake amwambie nani? Lakini twauliza: ni lini mara ya mwisho mtu wetu aliona namba ya nyumbani katika simu yake na moyo wake usishtuke?

Yuko muuguzi mmoja tunayemfahamu, binti wa ushirika wa mashambani, aliyekwenda kufanya kazi katika makao ya wazee huko Melbourne, Australia. Kazi yake ilikuwa ya zamu ya usiku: kugeuza wagonjwa kitandani, kuwaosha, kuwashika mkono wanapoogopa giza. Alituma fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi, wala hakukosa. Lakini baada ya mwaka wa pili aliacha kupokea simu. Aliziacha zilie. Kisha angetuma fedha na ujumbe mfupi, basi. Nyumbani wakasema amebadilika, ameanza maringo.

Alikuwa na rafiki aliyekaa naye benchi moja katika shule ya Jumapili, ambaye sasa huuza sukuma wiki na nyanya sokoni. Rafiki huyu hakuwa na la kumwomba, au tuseme alikuwa nalo, lakini aliliacha. Alichukua unga wa wimbi na unga wa ngano, akayeyusha sukari guru, akatia tangawizi na nazi kavu, akaoka kama mama zao walivyokuwa wakiwaokea wakati wa Krismasi: sufuria yenye mchanga juu ya jiko, na makaa juu ya kifuniko. Akazipanga katika kopo la majani ya chai, akaandika barua, akaenda posta.

Kifurushi kilifika baada ya majuma matatu. Na muuguzi yule alituambia mwenyewe, alipokuja likizo, kwamba alikiweka mezani siku mbili bila kukifungua. Aliijua hati ya mwandiko. Aliwaza moyoni, hata huyu naye! Siku ya tatu, ametoka zamu, akakata uzi. Karibu nusu ya biskuti zilikuwa zimevunjika. Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Ilisema kwamba mvua ilichelewa lakini sasa imenyesha. Kwamba ng'ombe wa mama amezaa mtamba. Kwamba kwaya imegawanyika sehemu mbili kwa sababu ya rangi ya sare. Kwamba mzee fulani hasikii tena kitu, lakini kila Jumapili huketi kiti cha mbele na kusema amina mahali pasipofaa. Akaisoma mpaka mwisho. Akaisoma tena, akitafuta ombi. Akageuza hata upande wa nyuma wa karatasi. Hapakuwa na ombi. Ndipo akaketi chini sakafuni, akazila zile chenga kwa kijiko, akalia.

Usiku ule alichukua zile zilizobaki nzima akaenda nazo kazini. Mama mmoja mzee aliyekuwa akimtunza, aliyezoea kukataa chakula, alionja moja akaitafuna polepole, kisha akamwuliza kama ina yai. Aliposikia haina, akacheka. Akamweleza habari za oti na shira, na jinsi mama yake mwenyewe alivyokuwa akiziba makopo ili kumpelekea kaka yake vitani katika vita vile vya pili. Walizungumza mpaka karibu kupambazuke, binti wa Kenya na ajuza wa Australia, kuhusu namna ya kufunga kopo lisiingie hewa.

Haikuwa kwamba shida za nyumbani ziliisha. Karo ilidaiwa bado, na paa la mama lilivuja bado, naye aliendelea kutuma fedha. Lakini juma lile alipiga simu yeye mwenyewe, bila kupigiwa. Aliuliza habari za yule mtamba.

Ndugu wasikilizaji, katika Biblia kuna kifurushi kama hicho, nasi mara nyingi twakiruka kwa haraka ya kufika kwenye habari za Goliathi. Soma Samweli wa Kwanza, mlango wa 17, kuanzia mstari wa 17. Yese wa Bethlehemu alikuwa na wana watatu vitani. Alimtuma Daudi awapelekee efa ya bisi na mikate kumi, na jibini kumi kwa mkuu wao. Na alitaka nini kwa malipo? Alitaka Daudi awaangalie hali zao, na kurudi na alama ya kuonyesha kwamba wako salama. Hakutaka nyara, wala hakuuliza mshahara wa jeshi ni kiasi gani. Baba mzee alitaka kujua kama wanawe wako hai.

Twaona mambo mawili zaidi pale, nayo hutufurahisha. La kwanza, aliyekanda na kuoka mikate ile hatajwi. Jina la mama yake Daudi halimo katika Biblia. Lakini mikate kumi haijioki yenyewe. La pili, Daudi alipofika aliacha mizigo kwa mlinzi wa vyombo, akakimbilia penye vita. Na kaka yake mkubwa, Eliabu, badala ya kumshukuru alimkasirikia. Baada ya hapo mikate ile haitajwi tena. Je, ililiwa? Ilikauka pale kwa mlinzi? Neno halisemi. Mama yangu uliyepeleka kifurushi na hujapata jibu mpaka leo, jua kwamba hata mikate ya nyumba ya Yese ilitoka Bethlehemu bila kurudisha asante.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni hasara. Na kweli, ukipima, gharama ya posta mara nyingi yazidi gharama ya biskuti, hata mara nyingi. Kwa fedha zile zile mtu angeweza kununua biskuti dukani hukohuko Melbourne au London, tena nzuri zaidi, zisizovunjika. Hesabu hiyo ni sawa kabisa. Ndiyo hesabu iliyofanywa kule Bethania juu ya yale marhamu ya thamani, na waliokuwa mezani hawakukosea bei. Lakini yule muuguzi duka alikuwa nalo mtaani pake siku zote, nalo halikumtoa machozi.

Sasa, kwa wale wanaotaka kujaribu, tutoe maneno machache ya jikoni na ya posta. Usitie yai, wala maziwa mabichi, wala matunda mabichi. Wimbi, sukari guru na tangawizi husafiri vizuri. Hali kadhalika visheti vya ndugu zetu wa pwani, vikikaangwa vikauke na shira ikishike. Oka mpaka biskuti ikauke katikati, maana unyevu ndio uletao ukungu. Kisha ziache zipoe kabisa. Hapa wengi hushindwa kusubiri: ukifunika kopo biskuti zingali na joto, mvuke hugeuka maji humo ndani, na kifurushi hufika kikinuka. Zipange kwa kusimama, kama sahani kabatini, ukijaza nafasi kwa karatasi safi mpaka kopo likitikiswa lisitoe sauti. Usitumie majani makavu ya mgomba wala nyasi, hata kama ndivyo tufungavyo vitu sokoni. Nchi kama Australia hukagua sana vitu vitokavyo mashambani, nao watakichukua kifurushi chote kwa sababu ya lile jani. Usifiche humo ndani nyama kavu wala mbegu wala asali. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hazipokei nyama na maziwa kutoka kwetu kwa njia hiyo, bali biskuti zilizookwa vizuri kwa kawaida hupita. Kwa kuwa sheria hubadilika, uliza kwanza posta. Watakupa fomu ya forodha. Jaza kwa ukweli, kwamba ni biskuti za nyumbani, ni zawadi, na uzito wake ni kadha wa kadha. Mkristo asidanganye hata katika fomu ya biskuti.

Imebaki barua. Twajua siku hizi ujumbe hufika ng'ambo kwa simu kabla hujaweka kikombe chini, lakini kifurushi bila karatasi ndani yake ni bubu. Basi andika. Usitafute maneno makubwa. Andika habari ambazo hakuna atakayempigia simu kumwambia: nani ameng'oa jino, mti gani umeanguka njiani, mchungaji alihubiri muda gani Jumapili, mbwa wenu sasa hulala wapi. Kama kuna shida nyumbani, nayo haingoji, mpigie simu siku nyingine umweleze wazi. Hiyo ni haki yako na yake. Lakini isitiwe katika kopo hili.

Tena mwambie kwamba kopo lenyewe asilirudishe. Aweke sindano na nyuzi humo, kama sote tufanyavyo.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka juma lijalo saa kama hii, Bwana akipenda.